Ua wa Katikati

Jumamosi, 26 Aprili

Nguzo sita leo. Ya saba imekatika kiunoni kama biskuti. Mgongo wangu nao ulitaka kuifuata.

Ardhi ya huku ughaibuni imeachia barafu juu juu tu. Nilikuwa nafunga cheni kwenye nguzo na kuvuta kwa trekta moja kwa moja. Magurudumu yanazama, nguzo inainama kidogo, basi. Gary, mzee wa ng'ambo ya barabara, alisimama na kahawa yake akanitazama bila haya kwa nusu saa nzima. Mwisho akaniletea rimu ya gari la zamani. Unaisimamisha kando ya nguzo, cheni inapita juu yake, trekta ikienda mbele nguzo inapanda juu. Inatoka kama jino.

"Kweli wewe ni nesi?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, lakini wagonjwa wangu siwang'oi.

Karanja ndiye aliyetaka ua huu utoke. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Anasema mwaka huu tulime shamba lote kwa pamoja, mahindi na mboga za managu, ua wa katikati unatuzuia kugeuza trekta. Wazo zuri. Mwenyewe hakuja. Mgongo, eti. Nimemzidi miaka minane.

Jumapili, 27 Aprili

Baada ya ibada nimewaeleza watu habari ya rimu kana kwamba niliigundua mimi. Mke wangu, Mama Ciku, amenifinya.

Mikono inauma. Nimefurahi hata hivyo. Miaka mitatu sasa tangu mimi na Karanja tununue lile shamba, mashariki ya Oakdale kule nyumba zinakokwisha. Wakati ule nilikuwa nimebadilisha kazi na benki haikutaka hata kuniona, kwa hiyo hati ikaandikwa jina lake. Nusu yangu ya bei nikampa taslimu mkononi. Tukachinja mbuzi palepale. Mchungaji akasimama penye ua wa katikati akaomba, akasema mbele ya watu wote: upande wa machweo ni wa Baba Ciku, wa mawio ni wa Karanja. Watu wakaitikia amina, wakala. Makaratasi tungeyapanga baadaye.

Upande wangu una kimwinuko. Nyumba itakaa pale. Vyumba viwili, hakuna ngazi. Nimewasukuma wazee wa watu kwenye viti vya magurudumu miaka kumi na tisa. Uzee wangu sitaki kuumalizia ghorofa ya tatu hapa Maplewood, lifti mbovu.

Jumamosi, 3 Mei

Kumi na nne. Seng'enge imenichana kidole. Nimejifunga bendeji vibaya. Nesi!

Karanja alipita na mtu wa viatu safi. Rafiki wa kazini, alisema. Walizunguka shamba lote, Karanja akinyoosha mkono huku na kule. Hakunitambulisha. Yule mtu alinipungia mkono kama unavyompungia kibarua. Nikampungia pia, na tabasamu juu.

Jumamosi, 10 Mei

Zimekwisha! Nguzo thelathini na nane. Nimefukia mashimo yote, nikapitisha haro ya trekta mara mbili kusawazisha udongo. Kazi safi. Hata mimi nikisimama pale sioni ua ulikuwa wapi.

Nimetuma picha kwenye kundi la fellowship ya kanisa. Karanja amejibu wa kwanza: "Shemeji, wewe ni mashine!" Nimeisoma mara kadhaa. Ovyo kabisa, mzee mzima anafurahia sifa.

Jumanne, 13 Mei

Gary alinipigia nikiwa kazini. Ananiuliza tunahamia wapi.

Nilikwenda baada ya zamu. Kibao kimesimamishwa barabarani. Shamba linauzwa. Lote. Nimekisoma na miwani, nikakisoma bila miwani. Kina picha ya dalali, anatabasamu. Ni yule wa viatu safi.

Sijamwambia Mama Ciku. Nimemwambia trekta imeharibika. Amesema, nilijua.

Jumatano, 14 Mei

Brooklyn Park, kwa Karanja. Alinifungulia mwenyewe.

"Karibu shemeji, umekula?"

Nikanywa chai yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba niliinywa na nikasema ni tamu. Kisha nikamuuliza kuhusu nusu yangu.

"Nusu gani?"

"Ya machweo. Kutoka kwenye ua."

"Ua gani, Baba Ciku?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayemsaidia mgonjwa kukumbuka leo ni siku gani. Sauti hiyo naijua. Mimi huitumia kazini.

Alisema mambo yamembana. Alisema mnunuzi anataka uwanja wazi, usio na maswali. Alisema atanirudishia nilichotoa, polepole, ikiwezekana. Nikasema sitaki kurudishiwa, nataka kimwinuko changu. Akanimiminia kikombe cha pili.

Ninamchukia. Nimeandika, sifuti.

Ijumaa, 16 Mei

Wakili. Mwanamke kijana, msikivu. Aliuliza hati. Hakuna. Makubaliano yoyote yaliyoandikwa? Tulichinja mbuzi, nikamwambia. Akaandika kitu, sijui aliandikaje hilo. Mashahidi wapo, akasema, tunaweza kujaribu, ila ua wenyewe ungesaidia sana. Mtu angeona kwa macho kwamba kila mmoja alikuwa na upande wake.

Nani aliuondoa?

Mimi.

Alikuambia kwa maandishi uuondoe?

Alinipigia simu.

Picha za ule ua, je? Nimekaa kwenye gari nikapekua simu yote. Nina picha arobaini za mbuzi. Akiwa hai, akichunwa, akiwa motoni. Ua hauonekani hata kwenye moja. Nilicheka peke yangu mpaka mtu wa gari la pili akafunga dirisha lake.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Mama Ciku yote. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Wewe ni mjinga," alisema. Baadaye kidogo: "Na yeye ni ndugu yangu."

Mchungaji tulimwona mchana. Anakumbuka sala, anakumbuka hata nyama ilivyokuwa laini. Kwenda kortini kusema hayo, amesita. Kondoo wote ni wake, anasema. Tuombe.

Nimeomba. Sitaandika niliomba nini.

Alhamisi, 22 Mei

Mama Ciku ameniomba nisimshtaki. Mama yao yuko Nyeri, presha inapanda na kushuka, habari hii itammaliza. Hakulia. Angelia ningekataa.

Nimempigia wakili nikamwambia aache. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina.

Jumamosi, 31 Mei

Limeuzwa. Gary amenisaidia kupandisha trekta kwenye trela yake. Itakaa ghalani kwake mpaka nimpate wa kuinunua. Alinipiga begani, kwa nguvu kidogo.

Nilitaka kusimama mara ya mwisho kwenye kimwinuko. Sikusimama.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa lilijaa. Karanja alikaa nyuma yetu, shati jipya. Mchungaji aliposema tusalimiane nikageuka, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

"Amani, shemeji."

"Amani."

Mkono wake ulikuwa na joto. Mama Ciku hakugeuka. Alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo anaoujua kwa moyo.

Nyumbani alipika ugali na kuku. Tukiwa mezani simu yake ikaanza kuita, jina la Karanja, sahani zikitetemeka. Tuliitazama wote wawili. Ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akaizima, akaiweka kwenye droo ya vijiko, akaniongezea mchuzi bila kuniuliza.

Kesho zamu ni ya asubuhi.