Yai Lako Limelishinda Duara Langu

Yaya Mumbere, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kwa hasira, na wewe unajua sijawahi kuandika kwa kitu kingine. Nina hasira na waliokuua kwenye barabara ya Beni bila hata kukuuliza jina. Nina hasira na ndugu zetu waliokuzika nusu. Lakini mshtakiwa wa kwanza ni mimi, na barua hii nitaipigilia misumari kwenye mlango wa karakana yako hapa Kimemi, kila mpita njia aisome.

Unakumbuka ule ukurasa wa gazeti la Kifaransa uliofungia beignets, yale maandazi ya kukaanga, umelowa mafuta? Ulikuwa na picha ya montagne russe: kigari cha bustani ya michezo kinachoporomoka kwenye reli, kinapanda, kinageuza watu kichwa chini miguu juu, na hawaanguki. Sisi wawili hatukuwahi kupanda hata treni. Ila tangu siku ile, kila Jumapili baada ya misa, karakana iligeuka bunge. Kwa nini hawaanguki? Ile njia ya kupindukia iwe na umbo gani?

Nilisema duara. Nimesoma vitabu kukuzidi, kwa hiyo nilisema kwa sauti. Wewe ulisema yai lililosimama: pana chini, jembamba juu.

"Yai? Yaya, uko najenga njia ao uko napika omelette?"

"Cheka tu, mudogo yangu. Kule juu bille inafika imechoka. Njia ikijikunja sana pale, inaibana isianguke. Ikijikunja pole pole, inaiachilia, inaanguka."

Tukajenga. Mbao zilishuka mteremko wa uwanja, kutoka mlango wa karakana hadi jikoni kwa mke wako Kavira, na abiria wetu akawa ile bille yako, gololi ya chuma tuliyoitoa kwenye gurudumu la lori bovu. Hapo nikafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya: nilichukua kipimo chako cha kuchongea magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoshusha viazi kutoka Vuhovi, nikakata njia ya kupindukia kwa kukifuata. Gurudumu halijawahi kutusaliti, niliwaza. Gololi ilishuka, ikapanda, ikafika juu, ikaanguka ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akipika Kavira.

"Hii hapana roue ya chukudu," uliniambia kwa upole, Kavira akikufokea wewe badala yangu. "Roue inazunguka yenyewe. Huku njia inalala, bille njo inatembea."

Sikukubali. Nilidai umepinda ubao makusudi. Niliandika karatasi, nikaipigilia mlangoni kwako: "Hapa anakaa fundi wa mayai." Mtaa mzima ulicheka. Wateja walikuita Papa Mayai hadi siku ulipokwenda Beni kutengeneza madawati ya shule, mtaa wa Ruwenzori, yai lako jipya la mbao ukiwa umelibeba kwenye gunia.

Ulirudi umebebwa.

Kwenye matanga, baba mukubwa alinivuta pembeni kabla sijasimama kukuzungumzia.

"Sema alikuwa fundi wa milango na viti. Ile mambo ya kagari, acha. Batu bako nakufa, na yeye alikuwa nacheza na bille? Batatucheka."

Nikanyamaza. Mimi, ninayejibizana hata na redio! Nilisema milango, nikasema viti, nikakaa.

Nani aliamua kwamba mtu aliye ndani ya vita haruhusiwi kupenda kitu kisicho na faida? Majeshi yamepita hapa moja baada ya jingine, kila moja na jina lake refu la ukombozi, yamekula mbuzi wetu na kuchoma mbao zetu. Hata yule mgeni mwenye kamera alipita, akatuomba tuiondoe njia yetu mbele ya nyumba iliyobomoka, ili picha itoke na huzuni. Uliiondoa kwa adabu, ukairudisha alipogeuka. Hao wote wanataka tuwe watu wa kulia na kukimbia tu. Wao walichukua mwili wako. Akili yako niliwakabidhi mimi, siku ile niliponyamaza.

Jumanne alikuja Maître, yule mwalimu wa fizikia kutoka Kasai aliyekupokea kule Beni. Alibeba gunia lako, uliloliacha kwake.

"Bille ilipita," alisema kabla ya kuketi. "Mara ya kwanza! Mumbere aliruka kama mutoto. Nilimuambia angoje, barabara haiko muzuri. Akasema: hapana, mudogo yangu ananingoja."

Yaya, nilikungoja nikiwa na kicheko tayari.

Nilitafuta mbao nyingine, nikalifunga yai lako chini ya mteremko. Kavira alifunika sufuria kwanza. Gololi ikashuka, ikapanda, ikabanwa pale juu kama ulivyosema, ikatoka, ikagonga ukuta wa jiko. Nikarudia. Nikarudia tena, hadi Kavira akanishika mkono: "Inatosha, shemeki. Amekusikia."

Karatasi yangu ya zamani bado iko mlangoni, hukuiondoa kamwe. Nami siiondoi. Hii naipigilia chini yake, na Jumapili baada ya misa nitawaita baba mukubwa na wote waliokuwa matangani, niiachilie gololi mbele yao. Atakayetaka kucheka, anicheke mimi.

Pumzika, yaya. Safari hii bunge limekupa wewe ushindi.

Mdogo wako, mtu wa duara