Mjukuu wa Kwenda Kwihara

Jumatatu, 6 Julai 1953
Maji ndoo tatu, kisha kupukuchua mahindi na mama. Wiki ya tano hapa Kaliua. Baba aliniondoa kwa bibi, Kwihara, eti msichana mkubwa akae kwa wazazi wake. Nilikuwa huko tangu nilipoachishwa ziwa. Bibi ndiye niliyemwita mama. Aliyenizaa nilimwita Dada Anjelina, kama wajomba. Leo mbele ya wageni imenitoka: "Dada, chumvi iko wapi?" Wageni walicheka. Mama hakucheka. Kuandika "mama" naweza. Kusema siwezi.

Alhamisi, 9 Julai
Barua ya bibi, kaandikiwa na katekista. Nyumba haikaliki bila mjukuu. Aletewe mke mwenza wake, au mwingine. Mke mwenza ni mimi, ndivyo anavyonitania. Nilianza kuandika haya kwa Kiingereza, kama shuleni, yakawa si yangu. Nimechana. Nakiri: nimemwomba Mungu bibi augue kidogo, ili niitwe.

Jumamosi, 11 Julai
Baba ameamua. Anakwenda Petro, mdogo wangu. Miaka mitano. Kutwa anatamba uani.
"Nakwenda kwa mke wangu."
"Mahari umetoa, bwana harusi?" baba akamuuliza.
"Nitamlimia karanga."
Wakacheka. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, nikalia. Namchukia Petro. Namwonea wivu mtoto asiyejua kufunga vifungo.

Jumapili, 12 Julai
Baada ya misa mama amefua shati la Petro. Lilikuwa safi. Akalifua tena. Nikamwambia linatosha. Akasema bila kunitazama, "Wewe walikuchukua hujajua kukimbia. Mtoto wa kwanza ni wa bibi, ndivyo ilivyo. Nani angeniuliza mimi? Sasa na huyu."
Miaka yote nilidhani alinitoa tu.

Jumanne, 14 Julai
Petro kaondoka na baba kwa treni ya asubuhi. Hakulia. Mimi na mama tukarudi kwa miguu. Akauliza Petro atalala upande gani wa kitanda cha bibi. Wa ukutani, nikasema, bibi hupenda kuwa karibu na mlango. Akauliza bibi huamka saa ngapi. Kama mgongo bado unamsumbua. Asubuhi atampa nini mtoto. Uji wa mtama, nikasema, na asali kidogo. Nilijibu polepole, nisiruke kitu.
Tukafika nyumbani. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akauliza, na jioni je?