Kiti cha Abiria

Northampton, Jumapili

Mama mpendwa,

Paka hajambo, ila bustani imejaa maji. Leo nilifuatana na Baba kwenye mkutano wa klabu, pale nje ya baa, kulitazama gari jipya la michezo la kujiundia nyumbani. Lina kilo mia nne na tisini tu.

"Hili gari au toroli?" Clive alicheka. "Mvua ikinyesha utaoga humo humo."

"Punguza kitambi kwanza, mzee," Maureen akamjibu. "Kwenye kona litakuacha ukiuliza njia."

Baba alicheka nao, akachukua fomu ya kuagiza. Unawajua wanaklabu hawa wanavyopima kila gramu ya gari. Hata kiti cha abiria huagizwa kando.

"Kiache hicho, Alwyn," Maureen alimshauri. "Utaokoa kilo tisa."

Baba aliikunja fomu, akaja nayo nyumbani. Amejaza fomu yote isipokuwa hapo, na inatakiwa Ijumaa. Kila nikipita mezani naitazama, naondoka, narudi tena.

Tangu uende Ureno, miezi saba sasa, hathubutu kukuuliza. Ukirudi au usirudi, mpigie simu kabla ya Ijumaa, umwambie wewe mwenyewe aagize viti vingapi.

Mwanao asiyetulia,
Rowena