Kengele Ndani ya Mgunga

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kitengela tuko wazima. Nyanya yako magoti yanamsumbua, lakini kanisani haachi kwenda. Umeniuliza mbona nakataa lile pande la mti lililo dirishani lichomwe.

Miaka ya tisini kazi yangu ilikuwa kupanda miti na kukata matawi. Siku moja Mama Naisula, jirani Mmaasai, aliniita nipunguze mgunga uliolalia paa lake kule Noonkopir. Nikajifunga kamba kwenye tawi nene, nikaanza kukata kwa msumeno. Saa sita mchana, hakuna upepo, nikasikia kengele ya ng'ombe chini yangu. Tawi likimwangukia ng'ombe wa watu, utasema nini? Nikafungua kamba nikashuka nimfukuze.

Hakukuwa na ng'ombe.

"Wako malishoni tangu asubuhi," Mama Naisula akasema. "Lakini hata mimi nimeisikia."

Kabla sijamjibu, lile tawi nililokuwa nimejifungia likavunjika lenyewe, likaanguka mbele yetu. Pale lilipovunjikia kulikuwa na kengele. Mtu aliitundika mti ukiwa mdogo, mti ukaimeza. Mama Naisula akaitemea mate kidogo, kuibariki.

"Chukua. Ni wewe imekuita." Nikakata pande lile lenye kengele, ndilo hilo la dirishani.

Tangu hapo, nikisikia kitu nikiwa juu, nashuka kwanza. Wenzangu walinicheka sana.

Ukija, itikise uwezavyo. Mti umeijaza mpaka mdomoni. Mimi nimeitikisa miaka yote hii, na haijawahi kutoa sauti.

Ni mimi babu yako, ambaye bado nasikiliza.