Nyumba Niliyoiruka

Nkwantabisa,
Akuapem.
Jumapili, 13 Septemba 1998.

Mpendwa Mjomba Tenkorang,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani. Hujambo huko Hamburg? Anti Dedaa hajambo, na watoto je? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Mama alituambia unavaa makoti mawili kwa pamoja, Babu Opare akacheka mpaka akakohoa. Tunakuombea afya kila Jumapili, hata leo asubuhi tumekuombea.

Sisi huku tu wazima, kwa kiasi. Mvua imekuwa nzuri na mahindi yamekomaa. Mimi nimepanda kidato cha pili. Mama bado yuko Koforidua na biashara yake ya vitambaa, anakuja Jumamosi moja moja, kwa hiyo nyumbani ni mimi na Babu tu. Goti lake la kulia limevimba tangu Julai na siku nyingine hawezi kufika hata barabarani.

Mjomba, hizo ndizo habari nyepesi. Zinazobaki ni nzito, na ni mama yako, Bibi Oforiwaa, aliyesema nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeanza barua hii mara tatu. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Barabara yetu inapanuliwa. Tarehe 25 Agosti diwani alileta tangazo la Halmashauri ya Wilaya, limeandikwa Kiingereza na kupigwa muhuri. Nyumba saba zilizo karibu na barabara zilitakiwa kupeleka hati za viwanja ofisini kabla ya Ijumaa, tarehe 4 Septemba, ili zipimwe na wenyewe wapewe viwanja vingine. Asiyefika atahesabiwa kuwa amejenga bila haki, na kitakachobomolewa hakitalipwa chochote. Nyumba ya mama yako ilikuwa ya saba kwenye orodha. Nyumba yenyewe haiguswi. Kinachoguswa ni kibanda cha mbele, pamoja na tanuri la mikate.

Kama kawaida mimi ndiye ninayemsomea Babu matangazo ya Kiingereza na kumwelezea kwa Kitwi, naye huyatangaza kwa kengele yake. Lakini unajua majira haya yalivyo. Siku arobaini za ukimya kabla ya sikukuu ya Odwira zilikuwa zimeshaanza. Hakuna ngoma, hakuna matanga, hakuna kengele. Mbiu ikilia siku hizi ni kosa kubwa kwa wazee waliotutangulia. Kwa hiyo habari za serikali hupelekwa kwa miguu, nyumba hadi nyumba, mdomo kwa sikio, na mpiga mbiu husimama mpaka mwenye nyumba arudie maneno yote aliyoambiwa. Hapo ndipo kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Goti likamkatalia Babu. Akanituma mimi.

Nilipofika nyumba ya kwanza niliogopa, lakini nilisema. Ya pili pia. Nyumba sita, Mjomba, nilisimama nikasema na wenyewe wakarudia. Kwa mzee Kwasi Ayeh nilirudia mara nne kwa sababu hasikii vizuri, na nikaona kumbe naweza.

Halafu nikafika kwa mama yako. Ilikuwa saa nane mchana, wakati anaolala baada ya mikate ya alfajiri. Barazani walikuwepo wale vijana wanaocheza drafti kutwa, watano. Mmoja wao, Larbi, mtoto wa fundi baiskeli, aliponiona akapiga makofi.

“Jamani nyamazeni, redio ya mzee Opare imefika!”

“Haya redio, tangaza,” akadakia mwingine. “Ongeza sauti basi, au betri zimekwisha?”

“Muacheni, hiyo inashika stesheni moja tu, ya kunong’ona.”

Wakacheka wote. Hawakuwa na ubaya sana, nadhani. Lakini mimi uso uliwaka na maneno yote yakanitoka kichwani, ya Kiingereza na ya Kitwi. Kumuamsha Bibi ilibidi nipite katikati yao, kisha nisimame nikipaza sauti mlangoni wao wakisikia. Sikuweza. Nilichukua lile karatasi la tangazo nikaliweka juu ya meza ya mikate chini ya kopo, nikageuka nikaondoka. Nilijua kabisa kwamba mama yako hasomi. Nilijiambia ataliona, atamuuliza mtu. Njia nzima nilijiambia hivyo.

Babu aliniuliza, “Zote saba?”

Nikasema, “Zote saba, Babu.”

“Na wote wamerudia?”

“Wamerudia.”

Siku kumi zikapita, Mjomba, na kila siku ningeweza kurudi. Nilikwenda kununua mkate mara mbili! Mara ya kwanza kulikuwa na watu. Mara ya pili hakukuwa na mtu, alikuwa peke yake ananiuliza habari za shule, nami nikachukua mkate nikarudi. Nilikuwa nimeshadanganya, na sikujua pa kuanzia. Wale wenye nyumba sita hawakumwambia kitu, kila mmoja alikuwa anahangaika na hati zake. Na nani angedhani kwamba shemeji wa mpiga mbiu hajui? Kila mtu aliamini Bibi ndiye aliyeambiwa wa kwanza.

Jumatatu iliyopita watu wa Halmashauri wakaja na rangi. Wakapiga X nyekundu kwenye kibanda, na nyingine ubavuni mwa tanuri. Mama yako alitoka na unga mikononi.

“Nyie watoto wa nani? Mnanichorea tanuri langu, mmeniomba?”

“Mama, ulipewa taarifa.”

“Taarifa gani? Nani kanipa?”

“Karatasi, mama. Kila nyumba imepata karatasi.”

Akasema, “Kulikuwa na karatasi moja ngumu hapo mezani. Niliwashia moto.”

Nilikuwa nimesimama ng’ambo ya barabara na ndoo ya maji. Nilisikia kila neno.

Siku ile ile maneno yakaenea kwamba Babu amezeeka, kwamba amechagua nani wa kumwambia na nani wa kumficha, kwamba eti ana kisasi na shemeji yake tangu mazishi ya bibi yangu, dada yake. Bibi Oforiwaa mwenyewe alimpita Babu njiani bila salamu. Hilo sijawahi kuliona. Wale wawili hutaniana hata msibani! Alhamisi Babu akaitwa kwa chifu kujibu.

Nilimfuata, kwa sababu ya goti, nilimshika mkono. Njiani sikumwambia. Alipoulizwa alisimama, akasema, “Kazi ni yangu. Kama nyumba moja haikufikiwa, mimi ndiye sikuifikia.” Nikaelewa kwamba ameshajua. Sijui alijua lini. Hakunitazama.

Chifu na wazee wake wakaamua kuichukua kengele. Ameibeba miaka thelathini na moja, Mjomba. Alipokuwa anaifungua kutoka begani, nilijikuta nimesimama.

Wewe unakumbuka kwamba pale huongei na chifu moja kwa moja, unamwambia msemaji wake naye ndiye anayefikisha. Namshukuru Mungu kwa desturi hiyo, maana sauti yangu haikuzidi ya mbu. Msemaji, mzee Asiama, aliniinamia mpaka sikio lake likakaribia mdomo wangu. Nikasema: ni mimi niliyetumwa, niliona haya kupita mbele ya vijana, nikaacha karatasi nikaondoka.

Akasimama wima na fimbo yake, akasema kwa ile sauti yake ya mashairi, “Nana, mtoto huyu anasema alikuwa njiani kuitimiza kazi, lakini watu wenye kelele walimzibia mlango, naye kwa heshima ya siku hizi za ukimya hakutaka kuzua ugomvi.”

Watu wakatikisa vichwa, wakanihurumia. Maneno yalikuwa mazuri kuliko yangu na ningeweza kuyaacha hivyo. Nilimvuta nguo.

“Hapana, mzee. Sikusema hivyo.”

“Nimekupambia, mjukuu,” akaninong’oneza. “Ndiyo kazi yangu.”

“Usinipambie. Niliona haya tu. Halafu nikamdanganya babu kwamba nimemwambia Bibi. Na sikurudi, siku kumi.”

Safari hii akayatoa kama yalivyo, neno kwa neno, na bila ushairi yalisikika mabaya zaidi. Mama mmoja nyuma akasema, “Yesu wangu!” Mama yako alikuwa ameketi upande wa wanawake. Aliinamisha kichwa.

Chifu akasema kengele ibaki kwake mpaka Odwira ipite, kisha Babu arudishiwe. Mimi nikaambiwa niende kwa mama yako nikaseme yale niliyopaswa kusema siku ile, na arudie. Diwani naye, namshukuru, alikwenda Halmashauri Ijumaa. Wamekubali kupokea hati ya Bibi ikiwa imechelewa, kwa sababu sasa kuna ushahidi kwamba taarifa haikumfikia. Lakini wanataka hati yenyewe ya kiwanja pamoja na ramani, na mwisho ni Ijumaa, tarehe 16 Oktoba.

Mjomba, hati iko kwako. Uliondoka nayo ulipoondoka, isije ikapotea. Mchungaji Ofosuhene anasafiri Jumatano na ataitia barua hii posta huko huko Ujerumani ikufikie upesi. Yeye anarudi tarehe 10 Oktoba, na namba yake ya simu ya huko nimeiandika nyuma ya bahasha. Tafadhali mpe yeye mkononi, usitume kwa posta. Isipofika, tanuri litavunjwa na Bibi hatapewa kiwanja kingine, na mtu wa umri wake sijui atakanda mikate wapi.

Jana nilikwenda kwake. Vijana walikuwepo, nikapita katikati yao. Nilisimama mlangoni nikasema tangazo lote tangu mwanzo. Alilirudia lote, hakukosea hata tarehe. Kisha akauliza, “Jumanne ile ulipita hapa saa ngapi?”

“Saa nane, Bibi.”

“Nilikuwa macho. Nilisikia wanakucheka. Nikasema moyoni, mtoto ataingia sasa hivi.” Akarudi kwenye unga wake. “Mwandikie mwanangu. Wewe, siyo mwalimu wako, siyo mchungaji. Na usiache kitu.”

Babu aliniambia neno moja tu, jioni, tukimenya mihogo: “Ungesema huwezi. Ningekwenda hata kwa kutambaa.” Tangu hapo tunaongea mambo ya chakula na ya shule. Sijui kama mimi na yeye tutarudi kuwa kama zamani. Sijui kama wewe utataka kunipokea ukija. Sikuombi unisamehe leo. Naomba hati.

Msalimie Anti Dedaa na Kofi mdogo na Amoakoa. Babu anakusalimu, mama anakusalimu, mzee Kwasi Ayeh pia anakukumbuka. Mungu akulinde kazini na awatie joto ndani ya nyumba yenu.

Kabla ya kuifunga nimemsomea mama yako barua hii, tangu mwanzo. Mwisho ameniambia niongeze kwamba yeye hajambo, anakula na analala vizuri, usiwe na wasiwasi. Hapati usingizi, Mjomba. Tangu Jumatatu anakaa usiku kucha karibu na tanuri. Lakini aliniambia niandike lile, na aliniambia nisiache kitu, kwa hiyo nimeandika yote mawili.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na nikuogopaye kidogo,

Akua Sakyibea