Sauti ya Mjomba Loro

Jumanne, Februari 28, 2017

Nimemaliza! Filamu nzima ya Jebel, kilima chetu hapa Juba, dakika arobaini na mbili, na maandishi yote ya Kiingereza yanayopita chini ya picha ni kazi yangu. Macho yanawaka. Jenereta ya ofisi ilizimika mara tatu na kila mara nilitukana, Mungu anisamehe.

Naandika hapa kwa Kiswahili cha yule mwalimu Mkenya aliyetufundisha kambini Kiryandongo. Mtaani hapa sijui mwingine anayeweza kukisoma. Watu wa usalama waje wapekue wapendavyo.

Mjomba Loro ndiye roho ya filamu. Tangu turudi kutoka Uganda, miaka kumi sasa, anavunja mawe chini ya Jebel Kujur. Anachoma matairi juu ya mwamba mpaka upasuke, halafu nyundo. Na yeye huyohuyo anasema: “Kilima hiki nakila, na nakililia.” Kawaja wa filamu, yule Mzungu mwenye kamera, alipotafsiriwa hayo karibu aiangushe.

Alisema na mazito. Kwamba malori ya mkubwa mmoja wa jeshi yanabeba mawe ya upande wa juu, yaliyopasuliwa kwa baruti. Miti iliyobaki inageuzwa makaa. Pimbi wamekwisha, chemchemi imekauka, makaburi ya wazee wetu yamezolewa na kifusi. Alitoa sharti moja tu: uso usionekane. Celestino, anayekata picha, amemfunika uso kwa ukungu mzito. Kisha akaniuliza — na sauti, Suzan, tuikoroge?

Nikasema hapana, iache. Ile ni sauti ya mama yangu, basi tu imekaa kwenye koo la mwanamume. Mama amekufa bila kuacha hata kanda moja. Mjomba anavyosafisha koo mara mbili kabla ya kuanza kusema! Nimelia kidogo mbele ya Celestino, aibu.

Pale mwanzo anapojitambulisha sikuandika kitu. Picha inapita tupu. Kwa usalama. Nimejipongeza kwa akili hiyo.

Jumatano, Machi 1

Mjomba kapita asubuhi. Nikampa chai. “Uso wangu?” Nikamwambia hata mimi nisingekujua. Akacheka. Kwenye onyesho la Ijumaa haji, anasema hawezi kukaa kwenye kiti cha plastiki kujitazama akiwa moshi.

Majirani wa nyuma wamehama, kimyakimya, na magodoro. Wanakwenda Uganda. Mume wangu Tombe amepiga simu kutoka kambini huko, watoto hawajambo, ananiuliza nangoja nini. Nikasema nangoja filamu.

Ijumaa, Machi 3

Sijui nianzie wapi. Suzan, mjinga wewe. Mjinga!

Ukumbi ni wa shirika moja, mtaa wa Thongpiny. Mapazia meusi, saa tisa mchana, ili watu wawahi kurudi kwao kabla ya giza. Hotuba tatu juu ya urithi wa asili wa mji wetu. Kuta za ukumbi wenyewe ni mawe ya Jebel! Nikacheka peke yangu.

Filamu ikaanza. Tai juu ya kilima, moshi wa matairi, watu wametulia. Kisha Mjomba. Ukungu mahali pa uso. Akasafisha koo mara mbili, na akasema kwa Kibari, lugha yetu, polepole, kama anavyosema msibani na mkutanoni: mimi ni Loro, mwana wa Konga, mjukuu wa Kenyi, wa watu waliozikwa chini ya jiwe hili.

Kwenye spika mbili kubwa.

Kina mama waliokuja kugawa chakula, wamesimama mlangoni, wakaitikia “eeh” kwa kila jina, jinsi inavyotakiwa. Mzee mmoja wa mbele akageuka kwa furaha: “Loro wa Konga! Namjua huyu!” Bila ubaya wowote, maskini.

Mimi niliondoa maneno kwenye picha. Sauti je? Sauti niliiacha! Siku tatu nimeisikiliza, nimeililia, na sikusikia anachosema, maana kwetu mtu kutaja baba yake ni kama kuvua viatu mlangoni. Nani anaona viatu? Kawaja hajui Kibari. Celestino ni wa Wau, naye hakijui. Niliyejua ni mimi tu.

Mstari wa nyuma alikuwepo mwanamume wa miwani myeusi. Miwani, ndani ya giza! Alikuwa anaandika kwenye simu. Taa zilipowaka kiti chake kilikuwa kitupu. Watu walipiga makofi muda mrefu. Ilibidi nisimame niiname.

Jumamosi, Machi 4

Nimekwenda Jebel mapema. Nimempigia Mjomba magoti kati ya kokoto. Nikamwambia yote, na sauti, na ule mwanzo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema: “Sasa ulitaka niseme habari ya kilima cha babu yangu bila kusema mimi ni mtoto wa nani? Kama mwizi?” Nikasema Mjomba, ondoka leo. Akasema ana tairi juu ya mwamba, likishawashwa haliachwi.

Celestino amefuta nakala ya ofisini. Anasema kawaja amezima simu, yuko uwanja wa ndege. Khalas, imekwisha. Kwao kuko mbali.

Jumatatu, Machi 6

Wamekuja Jebel. Pikapu bila namba, saa mbili asubuhi, wanaume wanne. Wameuliza wavunja mawe: mwana wa Konga yuko wapi? Si “Loro.” Mwana wa Konga! Kina mama wakasema hawamjui. Mmoja wao aitwaye Tisa, bibi mzima, akapigwa kofi mpaka meno yakatoka damu, naye akasema hamjui.

Mjomba alikuwa nyuma ya mwamba, anatafuta matairi. Aliona kila kitu. Alipofika kwangu mchana hakuwa tena na utani. Nyundo kwenye gunia, suruali moja, basi.

Yangi, mtoto wa jirani, anaendesha lori la vitunguu. Kesho linarudi Nimule, mpakani na Uganda, tupu, atampakia. Barabara mbaya, wiki iliyopita wameua watu karibu na daraja. Lakini hapa pia ni kifo. Nimempa kitambulisho cha marehemu baba mkwe. Ezbon Lino. Picha imefifia, mzee na mzee, mvi na mvi, itapita.

Jioni tumefanya mazoezi. Mimi ndiye askari. “Jina?” Anasafisha koo mara mbili. “Mimi ni Loro, mwana —” Mjomba! Tena. “Jina?” Koo, koo. “Loro...” Mara ya tano nimempigia kelele, mimi, mtoto wa dada yake. Akasema Ezbon, bila kusafisha koo, kwa sauti ndogo ya mtu anayeuliza njia. Kisha akakaa chini. “Nimkane baba yangu mbele ya mtoto mwenye bunduki?” Nikasema ndiyo, Mjomba. Mkane. Naomba umkane.

Amekula kidogo.

Jumanne, Machi 7

Wametoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Amenishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono ile migumu. Nikamwambia tena: Ezbon. Akasema, nimesikia, binti wa dada yangu.

Saa tatu na nusu. Yangi kapiga, kwa Kiswahili chake cha madereva. “Dada, mimi iko Nesitu, barabara ya Nimule. Askari wengi leo. Bado sisi hawajasimamisha.” Nikamwambia usikate simu. Tia mfukoni tu.

Saa tatu na dakika hamsini. Simu iko mezani karibu na daftari, nimeweka spika. Naandika ili nisipige kelele. Nasikia injini, mbuzi, mwanamke anauza kitu. Sasa injini imezimwa. Wameambiwa washuke wote.

Wanapangwa mstari. Yangi anajifanya kukohoa, halafu ananong'ona: mzee ni wa tatu.

Askari ana sauti ya kijana, kama ya shule. Anauliza kwa Kiarabu cha Juba, jina lako na la baba yako. La baba pia! Hilo hatukulifanyia mazoezi. Ee Mungu wangu, hilo hatukulifanya. Lino, Mjomba. Lino. Liko kwenye kadi, lisome tu — hajui kusoma.

Wa kwanza amejibu. Wamempitisha.

Wa pili anabishana kuhusu mzigo. Kicheko. Wamempitisha.

Hatua kwenye kokoto. Namjua anavyotembea. “Jina lako, mzee. Na la baba.”

Anasafisha koo. Mara moja.

Mara ya pili —