Giza la Adhuhuri

Da Zuhura,

Shikamoo. Nimesita kidogo hapo, kwa mazoea, nisikie marahaba yako.

Arobaini yako imepita. Nguo zako Mama amezigawa: mashangazi wa Juani wamechukua kanga, mimi nimepata viatu, vinanipwaya. Kikabaki kile kiboksi ulichorudi nacho kutoka chuo ulipoanza kuugua, chenye kihisi cha mwanga kidogo kuliko ukucha. Mama akasema apewe Neema, mwenzio wa maabara, aliyekuja kutoka bara kwa ajili ya hitma. "Ndiye anayeijua kazi yenyewe."

Nilimchukia. Mgeni mpole, anamsaidia Mama kukuna nazi, nami namchukia. Ana picha zako kwenye simu ambazo sijawahi kuziona, na katika zote mmegusana mabega.

Lakini likizo ile ya kabla hujaugua, ulipokileta kiboksi mara ya kwanza, ndani ya stoo yetu ya nazi, ni mimi uliyenifundisha. Kwamba kihisi hakinasi kila chembe ya mwanga inayokifikia, na swali ni kinanasa ngapi katika mia. Kwamba tunakiwashia taa hafifu kabisa, tunahesabu mara ambazo kihisi kimelia, kisha tunalinganisha na kihisi cha pili ambacho uwezo wake unajulikana. Kwamba hata gizani hupiga kelele chenyewe kwa sababu ya joto, kwa hiyo giza nalo hupimwa, likatolewa kwenye hesabu.

Nikamwambia Mama: kabla hajapewa, nitapima mimi.

Asubuhi, bati la stoo likiwa bado baridi, nikapima giza. Nikaitwa kuanika mwani. Niliporudi adhuhuri nikapima mwanga. Jibu likatoka kubwa kuliko lile mlilolipata wewe na Neema chuoni! Nikampelekea uani, mbele ya Mama, mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono.

Akasoma. Akauliza taratibu, "Giza umelipima saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema.

"Giza la asubuhi si giza la adhuhuri, mdogo wangu."

Hayo ni maneno yako, Dada. Uliniambia mimi kwanza, ukijifuta jasho chini ya bati lile lile. Joto lilizidisha kelele, nami nikazihesabu kuwa mwanga. Nikalia. Si kwa kukosea. Kwa kuyasikia mdomoni mwake.

Neema akanitazama. "Kumbe wewe ndiye mwenye buibui? Zuhura alivyokuwa akikutaja, nilidhani mtu mzima!" Akasema kitambaa cheusi cha kufunikia boksi, maabara nzima inakiita buibui, kwa sababu uliwasimulia kwamba mwanga ulipokuwa unavuja, mdogo wako ndiye aliyeleta buibui kuukuu la Mama. "Sasa hata profesa anasema, leteni buibui." Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Tukarudia kupima pamoja, giza na mwanga papo kwa papo. Jibu likashuka, likakaribiana na lako. Neema akaandika majina chini ya jibu: lako, langu, kisha lake. Nimeutazama mpangilio huo zaidi ya mara moja.

Wivu haujaisha, usidhani. Kesho anaondoka na boti, na kiboksi nimempa kwa mkono wangu mwenyewe. Buibui sikumpa.

Nitasoma mpaka niifikie meza yako, Da Zuhura, na sitapima mwanga bila giza la saa yake. Mola akuangazie huko uliko. Pumzika.

Mdogo wako,
Mwanaidi